Alexander McGillivray, Mtu Aliyelinda Nchi kwa Kalamu

1. Taifa la kando ya mito

Katika nchi ya Marekani, upande wa kusini na mashariki, kuna mito mingi inayoteremka kwenda baharini. Mmoja unaitwa Coosa, wa pili Tallapoosa, wa tatu Chattahoochee. Kando ya mito hiyo, zaidi ya miaka 200 iliyopita, lilikaa taifa kubwa la wenyeji wa Amerika. Wao wenyewe walijiita Muskogee. Waingereza waliwaita Creek, neno ambalo katika lugha yao maana yake ni kijito, kwa sababu miji yao ilikuwa karibu na maji. Nasi tutawaita Wacreek.

Wacreek walilima mahindi, maharagwe na maboga. Wanaume waliwinda kulungu. Ngozi zake waliwauzia Wazungu, wakapata nguo, sufuria, bunduki na baruti. Walikuwa na miji zaidi ya 50. Kila mji ulikuwa na sultani wake, aliyeitwa miko, tena ulikuwa na baraza lake. Sultani hakuamuru kama bwana anavyoamuru watumishi. Alisema neno lake, wazee wakasikiliza, kisha nao wakasema, mpaka wakapatana.

Nchi haikuwa mali ya mtu mmoja. Ilikuwa ya taifa lote. Sultani mmoja hakuweza kuiuza, kama vile ndugu mmoja hawezi kuuza shamba la ukoo bila ndugu zake kujua. Kumbukeni vizuri neno hilo, maana habari yote inayofuata inatoka hapo.

2. Mtoto wa mataifa mawili

Mwaka 1750 hivi, katika mji wa Little Tallassee, karibu na mto Coosa, alizaliwa mtoto mwanamume. Baba yake, Lachlan McGillivray, alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Uskoti akiwa bado kijana, akatajirika kwa biashara ya ngozi. Mama yake, Sehoy, alikuwa Mcreek wa ukoo wa Upepo, nao ulikuwa ukoo wenye heshima kuliko koo nyingine. Mtoto akaitwa Alexander.

Kwa Wacreek mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Basi, ingawa baba alikuwa Mzungu, Alexander alihesabiwa kuwa Mcreek kamili, na wajomba zake walikuwa wakubwa wa taifa.

Alipokuwa kijana, baba yake alimpeleka mji wa Charleston kusoma. Huko alifundishwa na jamaa ya baba yake aliyekuwa mchungaji wa Waprotestanti. Akajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Baadaye alifanya kazi katika nyumba ya biashara, mji wa Savannah, akajua desturi za wafanyabiashara, barua zao na vitabu vyao vya hesabu. Wakati ule ni Wacreek wachache sana waliojua kazi hiyo.

3. Anarudi kwa mama yake

Mwaka 1775 vita vilianza kati ya mfalme wa Uingereza na watu wa majimbo yake ya Amerika. Lachlan alikuwa upande wa mfalme. Kwa sababu hiyo, watu wa jimbo la Georgia walimnyang'anya mali yake, naye akarudi Uskoti. Alexander hakufuatana naye. Mwaka 1777 alirudi Little Tallassee, kwa watu wa mama yake.

Waingereza walimpa kazi ya kuwa wakili wao kati ya Wacreek. Katika vita yenyewe hakupata sifa kubwa. Mwili wake ulikuwa dhaifu. Mara kwa mara alishikwa na homa, kichwa kilimuuma sana, na viungo vyake viliuma hata asiweze kupanda farasi. Mashujaa wengi wa taifa lake walimpita kwa mbio, kwa uwindaji na kwa bunduki. Lakini alikuwa na akili ya kupima maneno, tena alikuwa na kalamu.

4. Karatasi ya Paris

Mwaka 1783 wakubwa wa Uingereza na wa Marekani walikutana Paris, mji mkuu wa Ufaransa, wakapatana kumaliza vita. Katika hati yao mfalme wa Uingereza aliwaachia Wamarekani nchi yote mpaka mto Mississippi. Nchi ya Florida akawarudishia Wahispania. Ndani ya mipaka hiyo walikaa Wacreek, Wacherokee, Wachickasaw na mataifa mengine. Hakuna hata mmoja wao aliyeitwa Paris. Majina yao hayakuandikwa katika hati hata mara moja.

McGillivray alipopata habari hiyo, alikasirika. Akaandika kwamba mfalme wa Uingereza alitoa kitu kisicho chake. Wacreek hawakushindwa na Wamarekani, wala hawakumpa mfalme nchi yao, wala hawakuwa raia zake. Walikuwa rafiki zake tu. Je, mtu aweza kumpa adui nyumba ya rafiki yake? Mwaka 1785 alituma barua kwa Wahispania kwa jina la Wacreek, Wachickasaw na Wacherokee pamoja, akieleza shauri hilo kwa utaratibu, neno baada ya neno, kama mtetezi mbele ya hakimu.

5. Karatasi za Georgia

Watu wa Georgia walikuwa na hamu kubwa ya mashamba mapya. Mwezi wa Novemba 1783 waliwaita masultani wachache mjini Augusta. Wakubwa wao walikuwa Hoboithle Miko na Eneah Miko. Hao walitia alama katika hati iliyotoa nchi kubwa kati ya mito Ogeechee na Oconee. Miji mingi haikuwa na mtu wake pale. Baraza la taifa liliposikia, lilikataa. Lilisema kwamba watu wachache hawawezi kutoa kilicho cha wote.

Watu wa Georgia hawakujali. Mwaka 1785 walifanya hati nyingine mahali paitwapo Galphinton. Mwaka 1786 wakafanya ya tatu huko Shoulderbone. Kila mara walioitikia walikuwa wachache. Kila mara wenye mashamba waliingia na mashoka, wakakata miti, wakajenga nyumba, wakionyesha hati kana kwamba ni ruhusa ya taifa zima.

McGillivray alifanya mambo mawili. Jambo la kwanza, alitafuta rafiki. Tarehe 1 Juni 1784 alifanya mapatano na Wahispania katika mji wa Pensacola, huko Florida. Wahispania waliahidi kuwalinda Wacreek na kuacha biashara iendelee, ili bunduki na baruti zisikome. Biashara yenyewe ilishikwa na rafiki yake, Mskoti mmoja aliyeitwa William Panton, na McGillivray alipata sehemu ya faida.

Jambo la pili, mwaka 1786, baraza liliazimia kutuma mashujaa kuwafukuza Wazungu walioingia katika nchi yao. McGillivray aliandika kwamba aliwaagiza kubomoa nyumba na kuwaondoa watu, na kujizuia wasimwage damu ila kwa kujitetea. Lakini vita haifuati maagizo ya karatasi. Watu waliuawa pande zote mbili, na mpaka wa Georgia ukawa mahali pa hofu.

6. Kazi ya barua

Kwa miaka kumi McGillivray aliandika barua bila kuchoka. Aliwaandikia liwali Arturo O'Neill huko Pensacola, liwali Esteban Miró huko New Orleans, na Panton rafiki yake. Aliwaandikia pia Wamarekani. Aliandika akiwa mzima, akaandika akiwa mgonjwa. Katika barua nyingine aliomba radhi kwa kuchelewa, kwa kuwa homa ilikuwa imemlaza.

Hila yake ilikuwa hii. Wacreek walikaa kati ya majirani wawili wenye nguvu, Wahispania na Wamarekani. Akamfanya kila mmoja aogope kwamba Wacreek watakwenda kwa mwenzake. Kwa hofu hiyo wote wawili walimheshimu, na nchi ilibaki mikononi mwa wenyewe. Ilikuwa kazi ngumu, kama mtu anayevuka mto juu ya gogo moja.

Hata nyumbani mambo hayakuwa rahisi. Hakuwa mfalme. Masultani wengine, kama Hoboithle Miko, hawakumkubali kuwa mkubwa wao. Ilimbidi aseme na watu, awabembeleze, agawe zawadi. Mara nyingine aliwanyima biashara wale waliompinga.

7. Safari ya New York

Mwaka 1788 Wahispania walianza kupunguza baruti waliyokuwa wakiwapa Wacreek. McGillivray akaona kwamba rafiki huyu si wa kutegemewa kabisa. Mwaka 1789 Wamarekani walipata serikali mpya yenye nguvu, na George Washington akawa Rais wao wa kwanza. Mwaka huohuo wajumbe wake walikutana na Wacreek kando ya mto Oconee. McGillivray alisoma masharti yao, akayaona mabaya, akavunja kambi akaenda zake pamoja na watu wake.

Rais akatuma mjumbe mwingine, Marinus Willett, aje kumwalika McGillivray New York, mji uliokuwa mji mkuu wakati ule. McGillivray akakubali. Akaondoka na masultani na mashujaa zaidi ya 20, wakasafiri majuma mengi. Mwezi wa Julai 1790 waliingia New York, na watu wengi walitoka kuwatazama. Wakapokewa kwa heshima, kama wajumbe wa taifa la kigeni.

Tarehe 7 Agosti 1790 mapatano yalitiwa sahihi. Kwa upande wa Marekani alitia sahihi Henry Knox, mwangalizi wa mambo ya vita. McGillivray aliandika jina lake. Masultani wenzake kila mmoja alitia alama yake.

Wacreek walikubali kuacha nchi ya Oconee, ambayo Wazungu walikuwa wameijaza tayari. Lakini walirudishiwa nchi ya kusini iliyotolewa Galphinton. Marekani iliahidi kuilinda nchi yote iliyobaki. Ikakubali kwamba Mmarekani atakayejenga ndani yake bila ruhusa hatalindwa tena na serikali yake, na Wacreek wataweza kumwadhibu. Ikaahidi pia kulipa taifa dola 1,500 kila mwaka. Mtu mgonjwa, asiye na jeshi kubwa, alikuwa amemfanya Rais wa Marekani atie ahadi yake katika maandishi.

8. Hati ya siri

Hapa sharti tuseme pia mambo yasiyopendeza, kwa maana habari ya mtu ikieleza mema yake tu si habari ya kweli.

Pamoja na mapatano yale kulikuwa na hati nyingine, ambayo haikutangazwa kwa taifa. Katika hati hiyo McGillivray alipewa cheo cha jemadari wa jeshi la Marekani, na mshahara wa dola 1,200 kila mwaka. Wakati uleule alikuwa akilipwa na Wahispania. Miaka mingi aliwalaumu masultani waliotia alama mahali ambapo taifa halikuona. Sasa naye alikuwa na karatasi ambayo taifa halikuiona.

Tena alikuwa na watumwa. Katika mashamba yake walifanya kazi watu weusi 60 hivi, watu wa asili ya Afrika. Mtu aliyejua sana kutetea haki ya taifa lake hakuiona haki ya watu hao waliolima mahindi yake. Katika mapatano ya New York Wacreek waliahidi hata kuwarudishia Wazungu wa Georgia watumwa waliochukuliwa katika vita. Sisi watu wa Afrika hatuwezi kusoma neno hilo bila huzuni. Mungu ameumba watu wote kwa mfano wake, na haki ni ya wote, au sivyo si haki.

9. Siku za mwisho

Aliporudi nyumbani, alikuta manung'uniko. Wacreek wengi walisikitika kwa ajili ya nchi ya Oconee. Watu wa Georgia nao walikasirika kwa ajili ya nchi waliyotakiwa kuirudisha. Mwaka 1791 alifika mtu mmoja aliyeitwa William Augustus Bowles, aliyewahi kukaa na Wacreek. Bowles aliwaambia watu kwamba McGillivray amewauza. Wengine wakamwamini, na mwanzoni mwa 1792 wakaenda naye kuteka bohari ya Panton.

Mwezi wa Julai 1792 McGillivray alikwenda New Orleans, akafanya mapatano mapya na Wahispania, ambao walimwongezea mshahara. Hivyo aliziacha ahadi za New York. Alikuwa kama mvuvi katika mtumbwi unaoingia maji, anayeziba tundu moja na lingine likafunguka.

Mwezi wa Februari 1793 alikuwa Pensacola, nyumbani kwa Panton, mgonjwa sana. Tarehe 17 alikufa, akiwa na umri wa miaka 43 hivi. Walimzika katika bustani ya Panton. Mwanawe, aliyeitwa Alexander kama yeye, alipelekwa Uskoti kwa babu yake ili asome.

10. Mambo yaliyotokea nyuma yake

Baada yake hakuonekana mtu wa kushika kazi ile kwa nguvu ileile. Mwaka 1813 Wacreek walipigana wao kwa wao, kisha na Wamarekani. Mwaka 1814 wakashindwa, wakalazimishwa kuacha zaidi ya nusu ya nchi yao. Baraza lilikuwa limeweka sheria kwamba mtu atakayeuza nchi bila idhini ya taifa atauawa. Mwezi wa Februari 1825 sultani William McIntosh na wenzake wachache waliuza nchi iliyobaki katika Georgia. Tarehe 30 Aprili 1825 mashujaa waliotumwa na baraza walimwua. Serikali ya Marekani yenyewe ikafuta hati ile, lakini mwaka 1826 ikafanya nyingine, na karibu nchi yote ya Georgia ikatoka mikononi mwa Wacreek. Mwaka 1836 askari waliwapeleka maelfu ya Wacreek mbali, ng'ambo ya mto Mississippi, mpaka nchi inayoitwa leo Oklahoma. Wengi walikufa njiani.

Na barua za McGillivray je? Hazikupotea. Wahispania walikuwa watunzaji wa karatasi. Barua nyingi alizowaandikia zilihifadhiwa, hata zikafika Sevilla, katika nchi ya Hispania. Huko mwalimu wa historia kutoka Marekani, John Walton Caughey, alizisoma, na mwaka 1938 akazichapisha katika kitabu pamoja na barua nyingine zinazohusu kazi yake. Ndiyo sababu tunaweza kujua McGillivray alifikiri nini. Wakubwa wengi wa mataifa ya wenyeji wa wakati ule tunajua tu yale ambayo Wazungu waliandika juu yao. Yeye tunamsikia kwa maneno yake mwenyewe.

Taifa la Wacreek lipo hata leo. Makao ya serikali yake yako Okmulgee, katika Oklahoma. Tarehe 9 Julai 2020 mahakama kuu ya Marekani ilitazama mapatano ya zamani, yale yaliyofanywa na Wacreek katika miaka ya 1800. Ikaamua kwamba nchi walioahidiwa huko Oklahoma haijafutwa na sheria yoyote ya Bunge. Kwa hiyo, katika kuhukumu makosa ya jinai, bado ihesabiwe kuwa nchi ya Wacreek. Karatasi zilizosahauliwa na watu wengi zilisomwa tena, na ahadi iliyoandikwa ikaitwa ahadi.

11. Tunajifunza nini?

Ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika, angalieni maisha ya mtu huyu. Elimu yake ilikuwa silaha ya taifa lake. Kwa elimu hiyo alijua hati inasema nini, na nani ana haki ya kuitia sahihi. Msitie jina lenu katika karatasi msiyoisoma. Wala msikubali karatasi ya siri kwa jambo linalowahusu wengi, hata kama ina cheo na fedha ndani yake. Na mkipata elimu ya kutetea haki yenu, tazameni kwanza nyumbani mwenu, kama hakuna mtu mnayemnyima haki yake.

Maswali

1. Kwa nini Alexander alihesabiwa kuwa Mcreek, ingawa baba yake alikuwa Mskoti?
2. McGillivray alisema nini juu ya mapatano ya Paris ya mwaka 1783?
3. Kwa nini baraza lilikataa hati ya Augusta?
4. Wacreek walipata nini na walipoteza nini katika mapatano ya New York?
5. Taja makosa mawili ya McGillivray. Kwa nini yalikuwa makosa?
6. Barua zake zilihifadhiwa wapi, nazo zina faida gani kwetu?